Samaki wa Daktari Tuliowala Kianda

Nilimsikia jirani akisema nimekufa. Ilikuwa Jumapili mchana, nimelala sakafuni kwetu Kianda, macho wazi, na hata ulimi siwezi kuusogeza. "Huyu ameenda," alisema. "Mfunikeni. Mama bado anapumua." Wakanifunika leso ya kujifunga. Chini ya ile leso nikawa nasikiliza pumzi za mke wangu kando yangu, kila moja nikiiombea nyingine. Ikafika moja ambayo haikupata mwenzake, na mimi sikuweza hata kumwita.

Tulikuwa tumekula samaki. Si wa soko, wa Daktari.

Daktari huyo hakutibu watu. Alizaliwa pwani, akasoma mpaka ng'ambo, kazi yake ikawa kuzama baharini na kuandika habari za samaki wanaokaa kwenye miamba. Wengine waliletwa Nairobi kwenye barafu. Ofisini kwao watu walichoka na harufu, akakodi nyumba karibu na kituo cha Kawangware 46, na mimi nikawa mwosha chupa wake. Shule niliachia darasa la nne huko kwetu ziwani, lakini ni yeye aliyenionyesha kwamba ndani ya kichwa cha samaki kuna kijiwe, ukikikata unahesabu miduara, unajua umri wake. Alinionyesha kwa furaha. Hilo siwezi kumnyima.

Akishatoa vijiwe, nyama ilikuwa yetu sisi vibarua wa mkono. Ndiyo ilikuwa desturi. Lakini kulikuwa na wengine, wanene, hawana magamba, meno kama ya sungura. Hao aliwazika mwenyewe nyuma ya nyumba. Hakuwahi kusema kwa nini, nami nikadhani ni mambo ya wasomi.

Halafu akasafiri kwenda kuwasomea wenzake utafiti wake, akamwachia kazi msaidizi wake, mtu mzima mwenye digrii. Stima zikapotea, barafu ikayeyuka. Msaidizi akaniambia nibebe wote wasioze bure. Nikauliza, hata hawa wanene?

"Wewe mtu wa ziwa, unaogopa samaki?"

Akacheka. Nikaona aibu, nikabeba.

Mke wangu alipompasua mmoja alikuta mayai, akafurahi, akayala yeye. Mimi nilikula kipande cha mkia na ugali. Hata vyombo hatujaosha, akaniambia midomo yake imeingia ganzi. Yangu pia. Tukachekana kidogo. Kisha akajaribu kusimama.

Walitupeleka zahanati ya Ayany kwa mkokoteni, wakidhani wamebeba maiti wawili. Nesi ndiye aliyeona kifua changu kikipanda. Kesho yake vidole vyangu vilianza kurudi.

Daktari alikuja kunipa pole. "Kwetu hata mtoto anamjua bunju," alisema. Siku hiyo ndiyo nililijua jina la samaki yule.

Mpaka leo pilipili ikiniwasha midomo natoka nje mbio, najaribu miguu.

Daktari, nasikia umeandika kitabu, na msaidizi wako umemshukuru ndani. Sitaki pole tena. Wewe uliyezika ukanyamaza, na wewe uliyecheka ukanibebesha, njooni Kianda mniambie nani kati yenu alimuua mke wangu.