Kichupa Kilichotikiswa

Kwa miaka kumi na tisa nimekaa meza moja na mwanamke ambaye hospitali nzima humwita Mama Taratibu, na hakuna aliyewahi kunikera kama yeye. Kazi yetu ni kutoa watu damu. Kichupa kikijaa hugeuzwa juu chini mara nane, polepole, ili damu ichanganyike na dawa ya kuizuia isigande. Mimi naweza kufanya hivyo huku nikipiga soga. Yeye hunihesabia. Nikiishia mara ya sita, husema bila kuinua uso, "Bado mbili, mdogo wangu."

Mwaka huu ukaja utafiti wa kisukari. Daktari wa utafiti, mtu mpole mwenye miwani, alitueleza kwamba ndani ya damu mna molekuli ndogo za RNA ambazo hazitengenezi protini yoyote. Kazi yake ni kuamrisha nyingine zitengeneze au ziache. Huenda baadhi yake huongezeka au kupungua miaka kadhaa kabla mtu hajaugua, na hilo ndilo alilotaka kulipima.

"Hazizalishi kitu, zinaamrisha tu," alisema Mama Taratibu. "Kumbe wifi yangu yumo kwenye damu."

Daktari aliandika kitu kwenye karatasi yake. Sijui aliandika nini.

Sharti lake lilikuwa moja. Kichupa kikitikiswa, chembe nyekundu hupasuka, zikamwaga RNA zake, na hesabu yote ikaharibika. Hujulikana baada ya kuzungushwa kwenye mashine: yale majimaji ya juu, ambayo yanapaswa kuwa ya manjano, hutoka na wekundu kama maji yaliyooshewa nyama. Mama Taratibu akapewa kazi ya kukagua. Kila kilichoharibika alikiandika daftarini pamoja na jina la mhudumu aliyemtoa mtu damu. Kwa miezi minne jina langu liliingia mara tatu. Lake halikuingia.

Kisha akajiandikisha yeye mwenyewe kutoa damu. "Nachangia sayansi," alisema. Nilimwacha na sayansi yake, lakini nilijua. Kisukari kilimchukua mama yake, kikianzia miguuni, na kaka yake anajidunga insulini kila siku. Yeye ana miaka hamsini na mmoja, na siku hizo chupa yake kubwa ya maji ilikuwa ikiisha kabla ya saa nne asubuhi.

Nilimtoa damu akiwa hajala kitu. Mshipa niliupata mara moja, naomba hilo likumbukwe. Nilipochomoa sindano akaninyang'anya kichupa ili akigeuze mwenyewe. Hakukigeuza. Alikitikisa.

Mashine ilipomaliza kuzunguka, majimaji yalikuwa mekundu. Akakiinua kichupa kwenye mwanga, akakitazama, akafungua daftari, akaandika: "Kimeharibika." Kwenye nafasi ya mhudumu akaandika jina langu.

Nyani haoni kundule, nilijisemea, kisha nikaona hili si la kujisemea. "Dada, umekitikisa wewe."

"Mimi sitikisi."

"Umekitikisa kama dawa ya kikohozi."

Akaangalia mikono yake. "Naogopa," akasema. "Naogopa kuishia kama mama."

Hasira zangu zote zikaniishia, jambo ambalo nalo lilinikera. Nikamshika mkono wa pili, nikamtoa damu upya, nikakigeuza kichupa mimi mwenyewe huku nikihesabu kwa sauti. Nilipofika nane alikuwa bado amefumba macho. Majimaji yakatoka ya manjano.

Wiki iliyofuata daktari alituambia kwamba majibu ya RNA hapewi mtu mmoja mmoja, maana bado haijulikani zinasema nini hasa.

"Zikishajua kusema, zinitafute," alijibu Mama Taratibu.

Ila majibu ya kipimo cha kawaida cha sukari yalikuwemo kwenye bahasha aliyomkabidhi. Akanipa mimi nisome.

"Imepanda," nikasema. "Umeukaribia mpaka. Hujauvuka. Ukijirekebisha inaweza kushuka."

"Rudia."

"Hujauvuka, dada."

Akakaa. Akanywa maji. Kisha akavuta daftari, akatafuta ukurasa, akakata jina langu kwa rula na kuandika lake. Pembeni, kwa mwandiko wake ule wa polepole, akaongeza: "Alikitikisa kwa woga."

Yale majina yangu mengine matatu aliyaacha kama yalivyo.