Swali la Maduhu Kuhusu Gari la Zombo

Kidonda cha Jackline kilianza kama mchubuko tu, chini ya kidole gumba cha mguu wa kushoto, siku alipokanyaga kisiki cha bua shambani. Mtu mwingine angepaka mafuta akaendelea kupalilia. Lakini Jackline alikuwa na kisukari. Mganga wa zahanati alipouona mguu alitikisa kichwa, akawaandikia waende hospitali, Kilosa mjini, na huko wakaambiwa kidonda kisafishwe kila baada ya siku mbili bila kukosa.

Mumewe, Maduhu, alizaliwa Shinyanga. Baba yake alihama na ng'ombe hadi Zombo wakati Maduhu bado anachunga ndama, na ni huko Zombo alikomzika baba huyo. Kwa hiyo ukimuuliza kwao ni wapi, alikuwa akicheka kwanza. Alilima mahindi na ufuta, alifuga ng'ombe wachache, na alikuwa na jozi ya maksai waliolima nusu ya mashamba ya majirani. Alikuwa mrefu, mwenye sauti nzito inayosikika ng'ambo ya mto, na Kiswahili chake kilikuwa bado na lafudhi ya Kisukuma ambayo hakuwahi kuhangaika kuiondoa.

Siku hizo kupeleka mguu hospitali hakukuwa shida. Kulikuwa na kosta ya Yassin, iliyotoka Zombo asubuhi na kurudi jioni. Konda alimjua Jackline, akimwekea kiti cha mbele ili aunyooshe mguu, na dereva aliwashusha mbele ya lango la hospitali. Kidonda kikaanza kufunga. Muuguzi mmoja alimwambia, "Mama, ukiendelea hivi utavaa viatu Krismasi."

Ndipo likaja gari la matangazo. Halmashauri ilikuwa imepitisha sheria ndogo: mji upangwe, usafi uonekane, msongamano uondoke. Magari yote ya abiria kutoka vijijini yaishie stendi mpya nje ya mji, na bodaboda za vijijini zisivuke kuingia katikati. Stendi yenyewe ilijengwa kwenye uwanja mtupu, mbali na hospitali, mbali na soko, mbali na mtaa wa Magomeni, mbali na kila kitu ambacho mtu wa Zombo alikuwa anakifuata mjini. Ilikuwa na paa jekundu zuri sana.

Yassin alijaribu. Lakini abiria aliyeshushwa kule alitakiwa kupanda bajaji tena ndipo afike alikokuwa anakwenda, na mwenye kilo mbili za nyanya za kuuza aliona heri abaki nyumbani. Kosta ikawa inakwenda nusu tupu. Asubuhi moja watu wakajipanga barabarani kama kawaida, wakasubiri mpaka jua likawaka, na gari halikuja.

Maduhu akamtafuta Yassin mpaka Mikumi. Alimkuta kando ya barabara kuu, mahali malori yanapoegeshwa, anakunywa chai huku kosta yake ikipakia watu wa Ruaha wanaokwenda kukata miwa.

"Shikamoo, mzee Maduhu," Yassin alisema, akainuka kumpisha benchi.

"Marahaba. Nimekuja kukuomba, mwanangu. Rudisha gari. Hata kama si kila siku. Siku za kidonda tu."

Yassin aliweka kikombe chini. "Mama anaendeleaje?"

"Mguu umeanza kunuka."

"Mzee, Mungu anaona, si kwamba siwapendi. Hapa gari linajaa kabla chai haijapoa. Kule nililipishwa kuingia stendi, nikalipishwa faini niliposhusha mgonjwa njiani. Mimi sikuiandika hiyo sheria. Nenda kawaulize walioiandika."

Akamnunulia chai na chapati, na Maduhu alipoondoka akamwambia dereva wa lori ampe lifti hadi anakoweza. Maduhu hakumkasirikia. Alisema baadaye kuwa Yassin ndiye mtu pekee aliyemjibu swali lake.

Masika yakaanza. Maduhu alimpakiza Jackline kwenye baiskeli, mguu umefungwa mfuko wa nailoni, akasukuma kwenye tope. Siku nyingine walifika. Siku nyingine waligeuzwa na maji ya bondeni. Siku nyingine hawakuondoka kabisa, kwa sababu Jackline alisema amechoka kusukumwa kama gunia.

Jirani yao alikuwa Timotheo, mwenyeji, wa watu wa milimani waliokuwapo hapo kabla ya wote. Alisoma shule ya misheni, alisoma masomo kanisani kila Jumapili, na maksai wa Maduhu ndio waliokuwa wakilima shamba lake. Timotheo ndiye aliyeleta habari kwamba halmashauri itakuja ukumbini mjini kusikiliza kero za wananchi, na kwamba mtu yeyote anaruhusiwa kuuliza.

"Madaraka siku hizi yako kwetu," Timotheo alisema. "Ndiyo maana ya serikali za mitaa. Tukiuliza, lazima wajibu."

Watu wa kitongoji wakakutana nyumbani kwake. Wakakubaliana aulize Maduhu, kwa kuwa mguu ni wa mkewe na sauti anayo. Timotheo alimfundisha namna ya kusema. "Usiseme 'mmetuonea.' Sema 'naomba kufahamu.' Ukimaliza tu, sisi wote tunasimama. Waone kwamba si kero ya mtu mmoja."

"Wote?"

"Wote. Mimi wa kwanza."

Wakaenda na trekta la mtu, wamekaa kwenye tela, wanawake kwa wanaume. Jackline alibaki. Hakuweza tena kukaa mguu ukiwa chini.

Ukumbi ulijaa. Meza kuu ilikuwa na kitambaa, chupa za maji na mwenyekiti wa kikao, mtu mnene mcheshi, anayejua kuwachekesha watu ili muda uende. Maiki ilipomfikia, Maduhu alivua kofia.

"Mheshimiwa mwenyekiti, naomba kufahamu. Stendi ilipohamishwa, gari letu la Zombo lilikufa. Mke wangu ana kidonda, anatakiwa hospitali kila baada ya siku mbili, na hafiki. Kabla ya kupitisha sheria hii, nani alikuja Zombo kutuuliza sisi tutafikaje hospitali? Na sasa mtatusaidiaje?"

Alisema vizuri, bila kutetemeka. Watu wakageuka kumtazama, kwa namna ile ya watu waliosikia jambo la kweli.

Mwenyekiti aliegemea mbele, akatabasamu.

"Mwangaluka!" akasema.

Hiyo ni salamu ya asubuhi ya Wasukuma. Na Maduhu, ambaye alifundishwa tangu utotoni kwamba salamu haiachwi hewani, akainamisha kichwa akaitikia kwa heshima, "Mwangaluka, mheshimiwa."

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko.

"Karibu sana, ng'wanawane," mwenyekiti aliendelea, akimwita mwanangu kwa Kisukuma, akisubiri kicheko kipungue. "Sasa na mimi naomba kufahamu. Wewe kwenu hasa ni wapi? Maana barabara hizo za Zombo zinaharibiwa na nini kama si kwato za ng'ombe? Ng'ombe unao?"

"Ninao, mheshimiwa. Lakini nimeuliza habari ya gari."

"Tumelipokea. Liko kwenye mchakato. Ila na ninyi mtusaidie, ndugu zangu wageni. Msije mkajaza mabonde yetu halafu mkadai na mabasi. Anayefuata!"

Maduhu hakurudisha maiki. Aligeuka nyuma, kwenye safu walizokaa watu wa Zombo. Timotheo alikuwa anaangalia viatu vyake. Mwanamke aliyekaa naye alifunika mdomo kwa khanga, na Maduhu hakujua kama analia au anacheka. Hakuna aliyesimama. Kijana wa ulinzi akaichukua maiki mkononi mwake, kwa upole, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu.

Safari ya kurudi, tela lote lilizungumzia mvua. Walipokaribia nyumbani Timotheo alisogea karibu naye.

"Ndugu yangu, naomba unielewe. Alivyogeuza maneno vile, mimi ningesimama wangesema tumepanga."

"Si tulipanga?" Maduhu aliuliza.

Timotheo alirudi kukaa mahali pake. Naye hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo Maduhu alishindwa kulimeza. Mtu mbaya unamjua, unapita mbali naye.

Jackline alikuwa macho, ameinua mguu juu ya mto.

"Uliuliza?"

"Niliuliza."

"Wakakujibuje?"

"Walinisalimia."

Haikupita muda mrefu Jackline akashikwa na homa, akaanza kuongea na mama yake aliyekufa. Maduhu alimkodia pikipiki na mtu wa kumshikilia katikati, wakasimamishwa pale bodaboda zinapokomea, wakampakia kwenye bajaji. Daktari alikuwa kijana, na alikuwa amechoka. Alisema mguu ukatwe chini ya goti siku hiyohiyo, la sivyo mama mwenyewe atakwenda. Kisha akasema neno ambalo nadhani madaktari hulisema bila kusikia wanachosema: "Mbona mmechelewa hivi?"

Walipokwisha kurudi Zombo, mguu umekatwa, mtendaji wa kijiji alianza kumwita Maduhu ofisini kuhusu mifugo: ilitoka wapi, kibali kiko wapi, lini ataipunguza. Kwa miaka yote kabla ya swali la ukumbini hakuwahi kuulizwa. Maduhu aliuza ng'ombe, halafu maksai, na mashamba ya majirani mwaka ule yakalimwa kwa jembe la mkono, likiwemo shamba la Timotheo. Wakahamia Magomeni, chumba kimoja kwenye nyumba ya mjane aitwaye Perpetua, kwa kuwa huko tu ndiko Jackline angeweza kufika kliniki kwa magongo. Hivyo ndivyo mtu wa Zombo alivyolazimika kuhama Zombo ili apate hospitali ya wilaya yake.

Kazi aliyoipata ilikuwa kubeba mizigo stendi mpya. Abiria walikuwa wachache, lakini waliokuwapo walikuwa na mizigo, maana mji ulikuwa mbali. Alipewa fulana ya kijani na kitambulisho cha kuvaa shingoni. Msimamizi aliwaambia wapagazi wazi kwamba mwenye mdomo hatapewa kitambulisho mwaka unaofuata.

Siku moja wakubwa walikuja kutembelea stendi, wakiwa na mwandishi wa redio. Walipiga picha chini ya paa jekundu. Mwandishi, msichana mwenye adabu, akamwendea Maduhu kwa sababu alikuwa mrefu kuliko wengine.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Wewe kama mtumiaji wa stendi hii, unaionaje?"

Nyuma ya msichana alisimama msimamizi, mikono mfukoni, na nyuma ya msimamizi wakubwa watatu wanaosubiri kusikia. Maduhu alishika kitambulisho kilichoning'inia shingoni.

"Nzuri," alisema. "Tunashukuru."

Jioni ile redio ya Perpetua ilikuwa wazi uani, na Jackline alikuwa amekaa mlangoni akichambua mchicha. Aliitambua sauti kabla ya kutajwa jina. Perpetua akapiga makofi: "Jamani, si mumeo huyo! Kasikika nchi nzima!"

Jackline alimaliza kuchambua. Maduhu aliporudi alimkuta amekwisha kula, chakula chake kimefunikwa, naye amelala amegeukia ukutani. Alikaa ukingoni mwa kitanda bila kuvua fulana ya kijani, akala ugali wa baridi.