Muuza Sahani Asiye na Sahani

Mimi nasafirisha sahani. Wenye maduka Dar wananijua, mawakala wa bandari ya Huangpu wananijua, na kabati langu hapa Guangzhou halifungiki kwa sampuli. Halafu mtu aje aniandike kitabuni ati sina sahani!

Na mtu mwenyewe si wa mbali. Ni mama wa Kifini, anafundisha Kiingereza huku, anatafsiri, anaandika vitabu vya safari zake. Alisomesha Tanga miaka mingi, Kiswahili chake kinateleza, sisi tunamwita Mwalimu. Kila Ijumaa baada ya sala wafanyabiashara wenzangu huja kwangu, tunakaa mkekani, tunakula sinia moja. Siku ya kwanza nilimtengea Mwalimu sahani na kijiko, nikidhani ataona kinyaa. Akakataa, akanawa, akajibana katikati yetu. Nikampenda hapo hapo.

Juzi kati akaja na sura ya kitabu chake kipya, ameitafsiri mwenyewe ili nisikie. Akasoma kwa madaha: katika chumba kile wote walichangia chombo kimoja, na mwenye nyumba, muuza sahani, hakuwa na sahani yake.

Damu ilinichemka. Nikamuuliza, kabati hulioni? Akasema analiona, ila sentensi imekaa vizuri, wasomaji wa kwao wataipenda. Imekaa vizuri! Mama mkwe wangu Unguja akisomewa hayo, si ataniuliza mwanawe, mume wangu, kaoa ombaomba? Nikamwambia aifute kabla kitabu hakijachapwa. Akatabasamu, akasema atafikiria. Kweli, asante ya punda mateke.

Ijumaa iliyofuata akaja kama kawaida. Wenzangu walikuwa wamelizunguka sinia. Mezani, peke yake, nilikuwa nimeweka sahani nzuri kuliko zote nilizonazo, yenye ukingo wa dhahabu, na kijiko. Mwalimu akavua viatu, akaelekea mkekani. Nikamzuia.

"Sahani yako ile pale, Mwalimu. Wewe unayo. Sisi masikini tunachangia."

Uso ulimwiva mpaka masikio. Akakaa mezani, akashika kijiko, akakiweka chini. Akatoa simu, akaandika, kisha akatusomea kwa Kiswahili alichomwandikia mhariri wake: sentensi ile itoke, mwenye nyumba ana kabati zima la sahani, anakula sinia moja na watu wake kwa kupenda.

Hasira ilikuwa bado haijaniisha. Nikasogea kidogo mkekani, nikamwachia nafasi.

"Haya, kanawe mikono. Wali unapoa."