Lundo Aliloachiwa Fundi Saa

Fundi saa, ambaye mtaa mzima ulimwita Dakika kwa kuwa hakuwahi kuchelewa popote, hakuwa mtu wa udongo. Bustani waliyokodi nyuma ya ghala la mbao ilikuwa ya mkewe. Ndiye aliyelijenga lundo la mboji pale pembeni, akilirundikia maganda, majani na machicha ya chai, na kulipindua kila Jumamosi.

Kisha binti yao aliyehamia ng'ambo akajifungua mapacha. Mama akapanda ndege kwenda kumsaidia kulea kwa miezi mitatu. Miezi mitatu ikawa mwaka, na mwaka ukaelekea kuwa miwili.

Dakika aliendelea kutupia maganda kwenye lundo, maana ndivyo alivyoagizwa. Kupindua, hakupindua. Likaanza kutoa harufu ya kuziba pumzi, hadi jirani yao wa bustani, muuguzi mstaafu, akamfuata.

"Shemeji, umelijaza majimaji, halipumui. Tafuta majani makavu na maranda, ulipindue mpaka chini."

"Mikono yangu imezoea skrubu za saa, dada."

"Basi ifundishe."

Akaomba maranda ghalani, akachanganya, akapindua, akafunika kwa gunia. Mgongo ulimlaza chali siku mbili. Jumamosi ya nne aliingiza mkono hadi kwenye kiwiko, akakuta joto, kama la kitanda alichoinuka mtu sasa hivi. Akabaki vivyo hivyo, mkono ndani, macho yakimlowa.

Akampigia mkewe simu palepale.

"Limeshika joto."

Huko mtoto alikuwa akilia. "Linanukaje?"

"Kama wewe ukitoka bustanini."

Mkewe akacheka, kicheko kikamkatikia njiani. "Mwaka huu sitarudi, mzee wangu. Binti hana wa kumwachia watoto."

"Nilijua."

"Ulijuaje?"

"Kila nikikuuliza tarehe, unaniuliza habari za lundo."

Baada ya miezi miwili mboji ilikuwa tayari, nyeusi, ikipukutika vidoleni. Akaitandaza kwenye matuta yote na kupanda mboga, isipokuwa tuta la nyanya ambalo mkewe hakuwa akiruhusu mtu aliguse. Hilo alilitia mboji, akawa analipalilia tu kila wiki.

Muuguzi akamuuliza, "Mbona tuta zuri hivi limekaa bure?"

"Lina mwenyewe," Dakika akajibu, akainama kuokota majani ya lundo jipya.