Gari Lililovuta Kushoto

Watu walimwita Mama Usukani, na hawakumwita hivyo kwa mzaha. Kazi yake ilikuwa kupeleka mapipa ya dizeli kwenye minara ya simu juu ya vilima, kule barabara inakoishia na mawe yanakoanza. Gari lake lilikuwa pikapu kubwa iliyonyanyuliwa: springi ndefu, shokapu nene, matairi yenye meno kama ya trekta. Likipita mtaani ungedhani linatembea kwa ncha za vidole.

Aliyelinyanyua ni kaka yake mkubwa, fundi aliyejulikana kwa jina la Uzi. Alipata jina hilo kwa sababu hakutaka hata kusikia habari za mashine ya kunyooshea magurudumu. Yeye alilisimamisha gari uani, kwenye sakafu ya saruji, akafunga uzi kutoka tairi la nyuma hadi la mbele, huku na huku, kisha akachutama na tepu yake. Alipima upana kati ya matairi ya mbele kwa upande wa mbele, akapima kwa upande wa nyuma, akajitosa uvunguni na kuizungusha kidogo fimbo ya stelingi, ile inayogeuza magurudumu ya mbele. Akatoka, akapima tena. Ikibaki tofauti ya unene wa kucha, hapo ndipo alipokaza nati na kusema, "Haya, nenda. Hata ukisinzia litakufikisha."

Na kweli lilimfikisha, miaka na miaka. Tena huyo kaka ndiye aliyemlea. Wazazi walipofariki alimbeba mgongoni kwenda naye kazini, akamfundisha gia kabla miguu haijafika kwenye pedali. Kwa hiyo gari lilipoanza kuvuta kushoto, Mama Usukani aliisingizia barabara kwanza. Kisha akayaona matairi ya mbele yamelika upande mmoja kama kisigino cha kiatu cha mtu anayechechemea, akalipeleka uani kwa kaka.

Kazi ilichukua asubuhi nzima. Uzi alipima upande wa kulia, akasimama, akaitazama tepu mkononi mwake kama kitu alichookota njiani.

"Huku nimeshapima?" aliuliza.

"Umeshapima, kaka. Au unataka kunitoza mara mbili?"

Wakacheka wote wawili. Mke wa Uzi, aliyekuwa akiosha vyombo dirishani, hakucheka. Baadaye alimvuta Mama Usukani jikoni.

"Wifi, juzi nimekuta funguo za nyumba ndani ya sufuria."

"Uzee tu huo, wifi yangu."

"Baba yangu ni mkubwa kwake kwa mbali, na hajawahi kupika funguo."

Gari liliendelea kuvuta. Ndipo siku moja Mama Usukani alipokata kona ya nyuma ya soko na kuingia kwenye gereji yenye mashine, huku moyo ukimwenda mbio kama mtu anayekwenda kuiba. Fundi wa pale, mtu mpole waliyemwita Miwani, alilipandisha gari juu, akabana vipimo kwenye kila gurudumu na kuitazama skrini kwa muda. Kisha akaingia chini, akamwita.

"Mama, njoo ujionee mwenyewe."

Aliishika nati ya fimbo ya stelingi kwa vidole viwili, akaizungusha bila jasho.

"Haijakazwa. Na ile ya pili vilevile. Nani alikutengenezea?"

"Fundi mmoja wa njiani huko," alidanganya.

"Kanyoosha kwa uzi, naona. Sibishi, uzi unanyoosha, hata mimi nimejifunzia uzi. Ila gari likinyanyuliwa hivi, mlalo wa ekseli unapinda, na hilo uzi hauwezi kuliona. Ndiyo maana ukikata kona usukani haurudi wenyewe. Hiyo moja. Hii nati ni jambo jingine, mama. Hii si ya uzi wala ya mashine. Hii ni ya mtu."

Aliweka kabari za chuma kwenye springi, akaurekebisha mlalo, akanyoosha magurudumu, akakaza kila kitu mpaka spana ikalia. Gari likatoka pale likienda kama liko kwenye reli.

Jioni kaka yake alikuwa amesimama getini. "Linaendaje?"

Alikuwa na nafasi ya kusema. Alimwona jinsi alivyosimama, shingo mbele, akingojea kama mtoto aliyeleta matokeo ya mtihani.

"Limenyooka, kaka. Mkono wako ni uleule."

"Halafu wananiambia mashine!" Uzi alipiga makofi. "Mashine, mashine! Mashine itajua nini?"

Wifi yake hakudanganyika. "Mwambie aache kazi," alisema walipobaki wawili.

"Wewe ndiye mkewe. Mwambie wewe."

"Wewe ndiye damu yake. Mimi ataniona nampangia."

Walisukumiana hivyo neno lile kama sufuria ya moto, mwisho wake hakuna aliyelishika.

Gari lililala uani kwa Uzi siku zote, maana ndipo penye geti. Jumamosi moja Mama Usukani alikwenda kusukwa nywele na wifi yake akaenda sokoni. Wifi aliporudi alimkuta mumewe akinawa mikono yenye grisi.

"Nimeligusa gari la dada," alisema. "Nimekuta fundi mjinga kalitia vipande vya chuma. Nimevitoa, nimelinyoosha."

Mke alimpa taulo. Siku zilikuwa zimeshaanza kumchanganyikia mumewe, jana ikiingia ndani ya mwaka juzi. Akadhani anasimulia kazi ya zamani, gari jingine, fundi mwingine. Akaenda kuweka mboga ndani.

Jumatatu Mama Usukani alipanda kilimani na mapipa yaliyojaa, mwendo wa kobe, na usukani ulimsumbua tu kwa uzito. Aliusingizia mzigo. Wakati wa kushuka, na mapipa matupu yakigonganagongana nyuma, alifika kwenye kona ya makorongo, akakata usukani, ukamzungukia mikononi mwepesi kama wa gari la kuchezea watoto. Gurudumu moja lilitazama bondeni, jingine likatazama mlima. Alikumbuka kukanyaga breki. Alikumbuka pipa likipita mbele ya kioo, juu chini. Mlinzi wa mnara ndiye aliyesikia kishindo akateremka kumchomoa, lakini mguu wa kulia ulikuwa umebanwa na dashibodi, na hospitalini wakamkata chini ya goti.

Kaka yake aliletwa wodini amevaa shati lililopigwa pasi. Alikaa pembeni ya kitanda, akalitazama shuka pale lilipolala bapa, akalia bila kujificha.

"Nani alikunyooshea gari?" aliuliza.

Wifi, aliyekuwa ameshamsimulia Mama Usukani habari za ile Jumamosi, aliinamisha macho sakafuni.

"Nilimpelekea yule wa mashine, kaka."

"Unaona! Niko hapahapa, mikono mizima, wewe unampelekea mtu anayetazama televisheni! Ungeniletea mimi, mwanangu. Wanasema nati ilikuwa imelegea. Mimi ningekuacha uende na nati haijakazwa?"

Wifi alitoka nje, akakaa kwenye benchi la korido mpaka muda wa kuona wagonjwa ukaisha.

Maneno ya Uzi hayakubaki wodini. Aliyatangaza mtaa mzima, kila kibaraza, kila duka, na kwa kuwa ni mtu aliyeheshimika, watu walimwamini. Gereji ya nyuma ya soko ikaanza kupoa. Mama Usukani alikuwa amesharudi nyumbani na magongo Miwani alipokuja kumwona.

"Mama, mimi nilikaza. Unajua nilikaza."

"Najua," alisema, akamweleza yote, na ya uongo wake pia. Miwani alivua miwani, akaipangusa muda mrefu. Hakufoka. Aliuliza tu, "Sasa wateja niwaambie nini?"

Kesho yake asubuhi Mama Usukani alijikongoja hadi uani kwa kaka yake, akamketisha kitako, akamwambia ukweli. Uzi alisikiliza. Uso ulimwanguka, akaitazama mikono yake, akasema "mimi?" mara moja tu, kisha akaingia ndani na kujifungia chumbani. Walimsikia akilia kupitia mlango.

Adhuhuri alitoka ameoga, ana njaa. Alimwona dada yake na magongo, akashtuka upya.

"We! Mguu umepatwa na nini? Gari? Nani alikunyooshea gari?"

Wifi, aliyekuwa mlangoni na sahani, alitikisa kichwa taratibu kumkataza. Mama Usukani aliyaegemeza magongo ukutani.

"Nililinyoosha mwenyewe, kaka. Nikasahau kukaza nati."

"Siku zote nakwambia," alisema Uzi, akisogeza kiti karibu naye. "Ukimaliza, kaza kwanza, ndipo unawe mikono. Hebu tazama." Akaanza kumwonyesha kwa vidole vitupu jinsi spana inavyoshikwa, na jinsi nati inavyoanza kubisha. Dada yake alitazama, akaitikia kila neno, mpaka chakula kikapoa.