Skrini ya Kina Baba Ilipozimika

Mume wangu amesomesha jiografia miaka thelathini na mbili bila kupotea njia, ila alipostaafu alipotelea kwenye kompyuta. Si ile ya mezani. Ni kikompyuta cha ubao mmoja tu, hakizidi pakiti ya biskuti, alichokiinamia wiki nzima kwenye meza yetu ya Michenzani mpaka chai zikapoa. Kamati ya msikiti wetu wa Mji Mkongwe, ambayo kabla ya hapo haijamkabidhi hata ufunguo wa stoo, ikamwamini: kabla ya Ramadhani afunge skrini mbili, moja chini kwa kina baba na moja juu kwa kina mama, zote ziendeshwe na kikompyuta hicho kimoja. Nilimwona alivyonyoosha mgongo. Nasema mapema kwamba niliona furaha yake, na bado nikafanya nilichofanya.

Kikompyuta kina matundu mawili ya waya wa picha. Alinieleza mara nyingi, mimi nikichagua mchele na kujifanya sisikii: tundu lililo karibu na waya wa umeme ndilo la kwanza, na skrini inayochomekwa hapo ndiyo kuu. Kuu ilikuwa ya kina baba, ya nani tena? Wao wakapata saa, nyakati za sala na dakika zilizobaki kufika magharibi. Sisi tunaohudhuria darsa baada ya alasiri huku roho iko jikoni, tukapata sentensi moja kwa herufi kubwa: KINA MAMA, TAFADHALI PUNGUZENI MAZUNGUMZO. Kamati ilitunga, mume wangu akachapa.

Basi anayekwenda kula anajua dakika zilizobaki, na anayepika hajui. Nilivumilia siku sita. Siku ya saba, kabla darsa halijaanza, nikafungua kabati lililo juu ya ngazi zetu, maana soketi iko huko na kikompyuta kiliwekwa huko. Nikachomoa waya zote mbili, nikazibadilisha matundu. Nilitaka kina baba waisome ile sentensi yetu, wacheke, yaishe. Skrini yetu ikaonyesha saa na dakika zake, na wenzangu wakashangilia kwa sauti ambayo, kusema kweli, ilistahili kupunguzwa.

Chini hakucheka mtu. Nilipochungulia, skrini yao ilikuwa nyeusi ti. Waya wao niliuchomeka kwa haraka ya mwizi, haukuingia sawasawa, lakini hilo nililijua baadaye. Wakati ule nilidhani nimeiua.

Mume wangu akaja chini ya ngazi, akaita, "Huko juu inawaka?"

"Naam, inawaka," nikajibu.

Sikusema uongo. Hakuuliza inaonyesha nini. Na kwa jibu hilo kamati ikakata shauri kwamba kama ya juu inawaka, kikompyuta ni kizima, kwa hiyo ubovu uko chini. Siku ya kwanza wakabadilisha betri za rimoti. Siku ya pili fundi akaibeba televisheni mpaka dukani kwake, ikawaka vizuri, akairudisha, ikawa nyeusi vilevile. Siku ya tatu wakaulaumu waya uliopita ndani ya ukuta. Watu wazima saba, na hakuna aliyefikiria kupanda kuuliza kina mama wanaona kitu gani.

Mjumbe mmoja wa kamati, muuza vitambaa mwenye sauti ya kunadi, hakumwachia mume wangu nafasi. "Mwalimu, si nlikwambia? Saa ya ukutani haitaki rimoti!"

Mume wangu akirudi nyumbani hagusi tena meza yake. Anafuturu tende mbili na uji, anavaa kanzu, anatoka. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo hizo mimi ndiye niliyekuwa nikizipiga pasi. Kila nikitaka kusema, naishia kumwongezea uji.

Siku ya nne zikaletwa nyundo na patasi ili wauchimbe ukuta wautoe waya. Hapo nikaogopa kweli. Nikakimbilia kabatini, nikaona waya wao umeingia nusu tu, nikausukuma kwa nguvu mpaka ukazama.

Skrini ya chini ikawaka. Kisha nikamsikia muuza vitambaa akisoma kwa sauti, neno baada ya neno, "Kina mama, tafadhali punguzeni mazungumzo." Kicheko kilichofuata kilitikisa feni. "Yakhe, mwalimu ashatugeuza kina mama!"

Jioni ile nilimfuata jikoni kwetu alikokuwa akijimiminia maji ya kutawadha. "Ni mimi," nikasema. "Nimekukosea. Nisamehe, tumo ndani ya mfungo." Nikamweleza yote, hata ule mchele wa kujifanya sisikii.

Aliweka kopo chini. "Siku nne nnachekwa," akasema, "na wewe unanpakulia uji unantazama."

Nikaliokota kopo, nikamjazia maji. Niliona haya hata kumtazama.

Kesho yake, darsa lilipomalizika, nikasikia sauti yake kwenye kipaza sauti. Akasema kosa lilikuwa lake, yeye mwenyewe alichanganya matundu, na akaomba kuanzia siku ile skrini zote mbili zionyeshe saa. Hakuna aliyepinga, walikuwa wanacheka.

"Mwalimu wa jiografia kasahau kaskazini na kusini!" akanadi muuza vitambaa.

Tulirudi pamoja kwa miguu, yeye akibeba mikate ya mofa. Karibu na Darajani nikashindwa kuvumilia, nikamuuliza kwa nini hakunitaja.

"Mie nshazoea," akasema. "Nimesomesha watoto miaka yote ile, nshachekwa mpaka basi. Wewe wakikucheka siku moja tu, hutorudi tena msikitini. Na mie nikiwa chini, napenda kujua kuwa uko juu."