Uhuru wa Watoto wa Lorna

Jirani yangu Lorna Haskett, mtengeneza sabuni za maziwa ya mbuzi hapa kwetu Vermont, Marekani, hajawahi kupeleka mtoto shule. Anawasomesha wanawe nyumbani, yaani kazi ya kufundisha ameikimbia, kisha kukimbia huko akakuita uhuru. Na anavyojigamba, utadhani akili kaivumbua yeye.

Kila mwaka, siku shule zinapofunguliwa, hukaanga chapati za maji uani. Basi la manjano la wanafunzi likipita, hulipungia mkono kwa kejeli, na wanawe hutangaza masomo waliyojichagulia.

Mwaka huu nilialikwa nikashuhudie maajabu. Orrin, dume zima la miaka kumi lisilojua kusoma saa, alichagua mijusi. Mama akapiga makofi.

Ikafika zamu ya dada yake, Delphine. "Mama, mimi nataka hesabu. Kule wanakokwenda wale," akasema, akilionyesha basi.

Tabasamu la Lorna likayeyuka. "Kule ni kifungoni, mpenzi. Hebu usikilize moyo wako, uchague tena."

Binti akalitazama basi mpaka likapotea konani. "Haya. Sabuni."

Lorna akamkumbatia, akanigeukia machozi yakimlengalenga. "Umeona, jirani? Kachagua mwenyewe!"